Kuwasoma Wahusika wa Filamu ya Vijana kwa Jicho la Sosholojia: Mwongozo kwa Kutumia The Breakfast Club

Mwanafunzi anayepewa kazi ya kuchambua wahusika wa filamu kisosholojia huanza karibu kila mara kwa kueleza tabia: huyu mkorofi, yule mpole, yule mwingine ana majivuno. Maelezo hayo yanaweza kuwa sahihi kabisa na bado yasiwe sosholojia, kwa sababu tabia inamhusu mtu mmoja, ilhali sosholojia inauliza mtu huyo amesimama wapi katika jamii yake, nani alimweka pale, na wenzake wanapata nini yeye akiendelea kubaki pale. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuuliza maswali hayo hatua kwa hatua, na mfano wake ni The Breakfast Club, filamu iliyoandikwa na kuongozwa na John Hughes na kutolewa Marekani mwaka 1985.

Nimeichagua filamu hii kwa sababu inamrahisishia kazi anayeanza. Ina urefu wa dakika 97, sehemu kubwa yake inafanyika ndani ya maktaba moja, na hadithi yote ni ya siku moja: Jumamosi, tarehe 24 Machi 1984. Wanafunzi watano wa sekondari wamepewa adhabu ya kukaa shuleni tangu asubuhi, na naibu mwalimu mkuu, Richard Vernon, amewaagiza waandike insha ya maneno 1,000 wakijieleza wanadhani wao ni akina nani. Claire ni binti wa kitajiri anayependwa na wengi, Andrew ni mchezaji wa mieleka, Brian ndiye kipanga wa darasa, Allison ni msichana mkimya anayeonwa kuwa hana akili timamu, na Bender ndiye anayeitwa mhalifu. Lugha yao ni chafu mahali pengi, kwa hiyo mwalimu anayetaka kuitumia darasani aitazame yeye kwanza.

Hatua ya 1: Itazame mara mbili, na kalamu uishike mara ya pili tu

Mara ya kwanza itazame kama mtazamaji wa kawaida, ucheke panapochekesha na uudhike panapoudhi, kwa sababu hisia zako ni sehemu ya ushahidi: zitakuonyesha baadaye filamu ilitaka umpende nani na umdharau nani. Mara ya pili chora jedwali lenye safu nne: dakika, nani anamwambia nani, kitu gani kiko mkononi au mwilini, na nani ananyamaza. Safu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, nayo mara nyingi ndiyo yenye faida kubwa zaidi.

Kanuni yangu katika hatua hii ni kali kidogo: kivumishi chochote cha tabia kikiingia kwenye jedwali, kifute. Usiandike kwamba Bender ni mjeuri. Andika kwamba ameketi na miguu juu ya meza, kwamba amemwambia Vernon neno fulani, na kwamba wenzake wanne wametazama chini. Kutoka hapo utaweza kuuliza kwa nini walitazama chini. Ukishaandika neno «mjeuri», uchunguzi umefungwa kabla haujaanza.

Hatua ya 2: Weka mahali na wakati kabla ya kuweka watu

Shule ya Shermer ni ya kubuni, lakini jimbo si la kubuni. Ni Illinois, katika vitongoji vya nje ya Chicago, na picha zilipigwa katika jengo la sekondari halisi ya Des Plaines iliyokuwa imefungwa mwaka 1981. Jimbo hilo lina historia yake katika taaluma hii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanasosholojia James Coleman alichunguza sekondari kumi za huko, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1961 alionyesha kwamba vijana walikuwa na ngazi yao ya heshima isiyofanana na ile ya walimu: wavulana wengi zaidi walitamani kukumbukwa shuleni kama nyota wa michezo kuliko kama wanafunzi hodari. Ukilijua hilo, unaacha kumwona Andrew kama mvulana mwenye bahati ya misuli. Unaona cheo ambacho kilikuwapo kabla hajazaliwa, na yeye amekikalia.

Andika pia nani hayupo. Wahusika wote wenye kauli katika filamu hii ni Wazungu. Mchambuzi asiyeliandika hilo atajikuta anasema «vijana wa Marekani» mahali ambapo ushahidi wake unamruhusu kusema tu «vijana Weupe wa kitongoji kimoja cha kaskazini».

Msomaji aliyekulia katika shule za Afrika Mashariki ana tahadhari moja ya ziada. Sisi tulivaa sare, na jicho letu limezoea kutafuta tofauti za kipato kwenye viatu, kwenye begi, au kwenye sanduku la bweni siku ya kufungua shule. Shermer haina sare, kwa hiyo tofauti zile zile zinaning'inia hadharani, tangu kola ya blauzi hadi buti, na ni rahisi kuzipita ukidhani kila mtu kavaa anachopenda.

Hatua ya 3: Zisome dakika za kwanza kama ziara ya nyumbani

Filamu inaanza kwenye maegesho, na kila mwanafunzi anafika na nyumba yake. Claire analetwa kwa BMW na baba anayemfariji kwamba kutoroka darasani kwenda madukani si kosa la kumfanya mtu aonekane mbovu. Mama yake Brian anamwamuru atumie muda huo kusoma, hata baada ya mtoto kumweleza kwamba wamekatazwa kusoma. Baba yake Andrew hamlaumu kwa alichofanya. Anamlaumu kwa kukamatwa, kwa sababu hakuna chuo kitakachompa ufadhili mwanafunzi mwenye rekodi ya utovu wa nidhamu. Wazazi wa Allison wanaondoa gari bila kuaga. Bender anakuja kwa miguu.

Hapa swali la kuandika kando ya jedwali ni hili: kila mzazi anampa mtoto wake rasilimali gani, na anamtoza nini? Baba yake Claire anatoa msamaha bila malipo. Mama yake Brian na baba yake Andrew wanatoa msaada wenye masharti, na sharti lenyewe ni ushindi. Malezi ya kijamii, yaani namna familia inavyomfundisha mtoto kuikalia nafasi yake, yanaonekana katika sentensi mbili tatu za ndani ya gari, na utayaona tena baadaye ndani ya maktaba kila mmoja anapojitetea.

Hatua ya 4: Fungua vyombo vya chakula

Wakati wa chakula cha mchana ni sehemu ninayowashauri wanafunzi waitazame hata mara tano. Andrew anatoa mlima wa mikate, chipsi, matunda na maziwa, mlo wa mwili unaoandaliwa kwa mashindano. Brian ana supu, juisi ya tofaa, na mkate wa siagi ya karanga uliokatwa kingo zake. Mikono ya mama yake imo katika kila kipande. Allison anatupa nyama ya kwenye mkate wake na kujaza nafaka za sukari. Claire anafungua sushi. Bender hana kitu.

Sasa sogea karibu na ile sushi. Bender anauliza ni nini, na Claire anaeleza: wali, samaki mbichi na mwani. Katika Illinois ya mwaka 1984 chakula hicho kilikuwa kigeni kwa watu wengi, na kujua namna ya kukila kulihitaji zaidi ya pesa. Kulihitaji mtu awe amelelewa mahali ambapo chakula kama hicho kinaletwa mezani bila mshangao. Mfaransa Pierre Bourdieu aliuita ujuzi wa aina hiyo mtaji wa kitamaduni, yaani maarifa, ladha na adabu zinazorithiwa nyumbani na kugeuka kuwa heshima nje. Angalia kwamba Claire hajigambi. Anaeleza tu, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida, na hapo ndipo nguvu ya mtaji huo ilipo.

Hatua ya 5: Linganisha makosa na majina

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, na ukiwa na muda wa kufanya moja tu, fanya hii. Chukua karatasi nyingine, andika upande mmoja kosa lililomleta kila mwanafunzi, na upande wa pili jina analoitwa.

Claire alitoroka darasa. Bender alipiga kengele ya moto bila moto. Andrew alimkamata mwanafunzi mnyonge katika chumba cha kubadilishia nguo na kumbandika utepe wa gundi makalioni, na ulipobanduliwa ulitoka na ngozi. Brian aliweka kabatini bastola ya kurushia mwanga wa ishara, akiwa na mawazo ya kujiua kwa sababu ya alama mbaya, nayo ikafyatuka humo humo kabatini. Allison hakufanya kosa lolote. Alikuja kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kufanya.

Ukimpa orodha hii mtu asiyewajua wahusika na kumuuliza nani kati yao ni mhalifu, sidhani kama angemchagua aliyepiga kengele. Hata hivyo jina hilo liko kwa Bender, na linabaki kwake kabla na baada ya siku hiyo. Mwaka 1963 mwanasosholojia Howard Becker aliandika kwamba ukengeushi, yaani kwenda kinyume na kanuni za jamii, hautokani na kitendo chenyewe peke yake. Unatokana na jamii kutunga kanuni, kuzitumia kwa watu fulani, na kuwabandika jina la wakosaji. Miaka kumi baadaye William Chambliss alieleza makundi mawili ya wavulana wa shule moja ya Marekani, wanane wa familia zenye uwezo na sita wa familia za chini. Wote walivunja sheria mara kwa mara, lakini wale wanane walikuwa na magari ya kuwapeleka mbali na macho ya mji na adabu ya kuzungumza na polisi, nao walihesabiwa watoto wazuri wanaochangamka. Wale sita walionekana mitaani na wakahesabiwa wahuni. Weka Andrew na Bender mahali pa makundi hayo mawili, na utaona filamu inakupa mfano ule ule kwa sura mbili tu.

Kisha tafuta mahali jina linapofanya kazi mbele ya macho yako. Mwanzoni Vernon na Bender wanajibizana, na kila Bender anapojibu Vernon anaongeza Jumamosi moja, hadi zinafika nane. Mtu aliyebandikwa jina anasukumwa alithibitishe mbele ya hadhira, na kila uthibitisho unaongeza adhabu, na kila adhabu inalikaza jina. Baadaye Vernon anamfungia katika stoo, wakiwa wawili tu, na kumwambia kwamba yeye anapata dola 31,000 kwa mwaka na ana nyumba, na kwamba hakuna atakayeamini neno la kijana huyo dhidi ya neno lake. Inauma kuitazama. Mtu mzima anasema waziwazi kile ambacho nadharia inakisema kwa upole: mshahara, nyumba na cheo vinaamua ushuhuda wa nani una uzito.

Hatua ya 6: Tenga jukwaa na nyuma ya pazia

Erving Goffman, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1956, alifananisha maisha ya kila siku na mchezo wa kuigiza: mbele ya hadhira tunatunza sura, na nyuma ya pazia tunaivua. Watumiaji wengi wa nadharia hii husema kwamba katika maktaba wale watano walivua sura zao na kuonyesha nafsi zao za kweli. Mimi nashauri uwe mwangalifu zaidi. Maktaba ina wakaguzi wanne kwa kila mzungumzaji, na kukiri katika duara lile pale sakafuni kuna kanuni zake: lazima uumie, lazima ulie kidogo, na asiyetoa siri anaonekana mshenzi. Hilo nalo ni jukwaa, ila lina hadhira mpya.

Mfano bora wa Goffman uko mahali padogo zaidi. Carl, mfanyakazi wa usafi, anaingia na kapu lake la taka na kumsalimia Brian kwa jina. Bender anauliza papo hapo kama baba yake Brian anafanya kazi pale. Brian anafadhaika. Salamu ya kawaida imegeuka doa kwa sababu tu imetoka kwa mtu wa ufagio mbele ya wenzake. Carl naye anawajibu kwamba yeye ndiye macho na masikio ya shule, husoma barua zao na kusikiliza mazungumzo yao, na anapoondoka anawaachia habari kwamba saa ya ukutani iko mbele kwa dakika 20. Mtu aliye chini kabisa katika ngazi ya vyeo anaingia kila chumba, nyuma ya kila pazia, kwa sababu hakuna anayejisumbua kuficha kitu mbele yake.

Hatua ya 7: Sikiliza wanapobishana kuhusu taa

Brian alifeli somo la ufundi. Alilichukua akidhani ni jepesi, akatakiwa kutengeneza taa yenye umbo la tembo, na taa haikuwaka mkonga ulipovutwa. Anaposema kwamba alidhani somo hilo ni la wajinga, Bender anamjibu kwamba yeye analisoma. Brian anajitetea kwa trigonometria, kwamba bila hiyo uhandisi usingekuwapo. Bender anamwambia kwamba bila taa kusingekuwa na mwanga.

Wengi huipita sehemu hii kama mzaha. Ndani yake mna mgawanyo mzima wa kazi ya akili na kazi ya mikono ambao Paul Willis aliuchunguza Uingereza na kuuandikia kitabu mwaka 1977, akiwafuata wavulana kumi na wawili wa tabaka la wafanyakazi waliowadharau wanafunzi watiifu na, kwa dharau hiyo hiyo, wakajipeleka wenyewe viwandani. Shule inamwambia Brian kwamba kushindwa kutengeneza taa ni aibu kwa kuwa tu inashusha wastani wa alama zake. Haimwambii Bender kwamba kuiweza taa ni heshima.

Hatua ya 8: Usigawe nadharia kama pipi

Kuna kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi mno. Mwaka 1938 Robert Merton alitaja njia tano ambazo watu huzikabili shabaha za jamii na njia halali za kuzifikia: kufuata, kubuni, kushika taratibu bila matumaini, kujitenga na kuasi. Mwanafunzi anaona njia tano, anaona wahusika watano, na anampa kila mhusika yake moja. Brian hafuati tu. Aliweka bastola kabatini. Bender anaasi, lakini pia anajitoa mhanga kwa kukimbia na kupiga kelele kwenye korido ili wenzake warudi maktabani bila kukamatwa, jambo ambalo ni utiifu mkubwa kwa kundi. Nadharia itumike kueleza kitendo fulani katika tukio fulani, kisha uiangalie inaposhindwa kueleza kitendo kinachofuata cha mtu yule yule.

Hatua ya 9: Ihoji filamu yenyewe kupitia swali la Jumatatu

Brian anauliza swali ambalo mwanasosholojia angelitoa fedha kulipata: Jumatatu itakuwaje? Claire anajibu kwa ukweli unaowachukiza wenzake, kwamba hawataendelea kuwa marafiki, na anamwambia Andrew kwamba naye angemsalimia Brian na kisha kumsema vibaya mbele ya marafiki zake. Kwa maoni yangu Claire ndiye mchambuzi bora chumbani. Anajua kwamba urafiki wa maktabani ulitegemea mlango uliofungwa, adui mmoja aitwaye Vernon, na kutokuwapo kwa makundi yao, na kwamba Jumatatu vyote vitatu havitakuwapo.

Filamu haimfuati. Inamaliza jioni, na inamaliza kwa kugawa zawadi. Claire anampamba Allison, anamfuta wanja mzito, na mara Andrew anamwona. Allison anabandua nembo ya michezo kwenye jaketi la Andrew. Claire anampa Bender hereni ya almasi. Chora mishale ya zawadi hizi kwenye karatasi na utagundua kwamba hakuna hata mmoja unaoelekea kwa Brian. Yeye anapewa kazi ya kuandika insha kwa niaba ya wote. Angalia pia bei ya kuingia: Allison anakubaliwa baada ya kufanana na Claire, na hakuna anayependekeza Claire afanane na Allison.

Hatua ya 10: Andika kwa mpangilio wa tukio, uhusiano, dhana

Unapoandika, kila aya ianze na tukio moja kutoka kwenye jedwali lako, iingie kwenye uhusiano wa watu waliomo, na dhana ije mwisho. Aya dhaifu husema hivi: «Bender ni mkengeushi kwa sababu anatoka katika familia mbaya.» Sentensi hiyo imeanza na dhana na ikaishia kwa wazazi. Aya yenye nguvu ingesema: «Vernon anaongeza Jumamosi mbele ya wanafunzi wanne wanaotazama chini. Kwa kuwa hadhira ipo, Bender hawezi kunyamaza bila kupoteza hadhi pekee aliyonayo, na Vernon hawezi kuacha bila kupoteza mamlaka yake. Mabishano haya yanalitengeneza upya jina la mhalifu ambalo Becker angesema halimo katika kitendo cha kupiga kengele.»

Ukimaliza rasimu, pitia kila sentensi yenye jina la mhusika na uliondoe jina hilo, na mahali pake uweke nafasi ya mhusika huyo katika jamii: mwana wa fundi asiye na chakula, binti wa mwenye BMW, mfanyakazi wa usafi anayesoma barua. Hapo utagundua kwanza kosa moja katika mfano wangu huu, kwamba filamu haituelezi baba yake Bender anafanya kazi gani, na kwamba «fundi» nimelitoa kichwani mwangu kwa kumtazama kijana buti zake. Makosa ya namna hiyo ndiyo ya kuwinda katika rasimu yako, sentensi kwa sentensi, kabla hujaikabidhi.